Programu za bure zimenigombanisha na kundi langu la utafiti

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni mwanafunzi wa kike, mwaka wa tatu, nasoma uchumi wa kilimo hapa Morogoro. Naomba unisaidie kabla sijakosana kabisa na wenzangu.

Mwaka jana fundi mmoja aliniwekea Office na SPSS (programu ya takwimu) za kukraki. Haukupita muda, kompyuta ikaanza kuwa nzito, halafu siku moja nikakuta mafaili yangu yote yamebadilika majina na hayafunguki. Nilipoteza kazi za muhula mzima. Bumu langu halitoshi kununua programu halali, na sikutaka kurudi kwa fundi, kwa hiyo nikaanza kujaribu vitu vya bure. Nikaweka LibreOffice ya kuandikia, nikajifunza R ya takwimu kidogo kidogo, na QGIS kwa ajili ya ramani. Kusema kweli Mjomba, nilivipenda. Nilijiona kwa mara ya kwanza natumia kitu ambacho si cha kuibia.

Muhula huu tuko watano kwenye kundi la utafiti. Tulikwenda Mgeta kuwahoji wakulima wa mboga. Mimi ndiye niliyependekeza tutumie KoboToolbox kwenye simu badala ya kuchapa madodoso, na kule milimani ilitusaidia sana, maana hata mtandao ukikosekana majibu yanabaki kwenye simu mpaka mshuke. Ripoti tukakubaliana tuiandike pamoja kwenye Google Docs, kisha mimi niipange vizuri kwenye LibreOffice.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Msimamizi wetu alipofungua ripoti kwenye Word yake, majedwali yamehama, vichwa vya habari viko katikati ya ukurasa, orodha ya yaliyomo haisomeki. Akaturudishia na kusema tuandike kwa programu inayoeleweka. Wiki hiyohiyo mwenzetu mmoja akafuta sura ya pili yote kwenye ile hati ya pamoja. Anasema aligusa tu kwa simu akiwa kwenye daladala. Halafu tukagundua kwamba jedwali la majibu ya wakulima lina linki ambayo yeyote anaweza kuifungua. Mtu aliipeleka kwenye kundi la WhatsApp la darasa, na sasa kundi jingine lina data zetu. Mle ndani kuna majina ya wakulima na namba zao za simu.

Wenzangu wanasema haya yote nimeyaleta mimi na "vitu vyangu vya bure". Wawili wanataka turudi kwa fundi atuwekee za kukraki tumalize kazi. Mmoja anasema hakuna mtu anayetoa kitu bure duniani, lazima kuna mtego. Mwingine ameniomba nimwekee LibreOffice kwa flashi, nikaogopa, nikafikiri labda na huo ni wizi.

Mjomba, niachane navyo? Na kama si kuviacha, niwaambie nini wenzangu?

Mpwa wako, Morogoro

*

Marahaba, mpwa wangu.

Nianze na lile usiloliuliza, kwa sababu ndilo haliwezi kusubiri hadi kesho: majina ya wakulima.

Wale watu wa Mgeta walikukaribisha, wakaacha kazi ya shamba, wakakueleza wanauza nini na wanapata shilingi ngapi. Hawakukubali mapato yao yasomwe na darasa zima pamoja na namba zao za simu. Unajua namba ya simu ya mkulima ina maana gani siku hizi: pesa yake iko humo. Na licha ya utu, ipo sheria. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na mwanafunzi anayekusanya majina hana msamaha kwa kuwa ni mwanafunzi tu.

Kwa hiyo ukimaliza kusoma aya hii, fungua lile jedwali, nenda mahali pa kushea, ondoa ruhusa ya "yeyote mwenye linki", uache iwe kwa watu uliowaandika kwa barua pepe zao. Kisha gawa jedwali katika mafaili mawili. Moja libaki na majina, namba za simu na namba ya utambulisho mliyompa kila mkulima; hilo likae kwenye kompyuta ya mtu mmoja, au kwa msimamizi, likiwa na nywila. La pili liwe na namba ya utambulisho na majibu tu, bila jina, na hilo ndilo kundi zima litafanyia kazi. Msifute tu safu ya majina kwenye lile la zamani mkadhani mmelisafisha. Jedwali la mtandaoni linatunza historia yake, na aliyeruhusiwa kuhariri anaweza kurudi nyuma akayaona majina yaleyale. Tengenezeni faili jipya, la zamani lifutwe mkishahakikisha nakala ya majina iko salama. Zile data ghafi zilizobaki kwenye Kobo nazo ziangalieni: akaunti ni ya nani, na nani mwingine amepewa ruhusa ya kuziona.

Halafu mwambieni msimamizi yaliyotokea, mkiwa wote watano. Najua hilo ni gumu. Lakini kundi lile jingine limeshazipakua, na kufunga linki hakuwezi kuzitoa kwenye kompyuta zao. Msimamizi ndiye mwenye sauti ya kuwaambia wazifute. Akizisikia habari hizi kwa mtu mwingine itakuwa vibaya zaidi kwenu.

Sasa sura ya pili. Hiyo haijapotea. Fungua hati ile kwenye kompyuta, si kwenye simu, nenda kwenye menyu ya faili, tafuta historia ya matoleo. Utaona orodha ya tarehe na saa, na maandishi ya kila mmoja kwa rangi yake. Chagua toleo la kabla ya ile safari ya daladala, kisha lirejeshe. Kama wenzako wameandika mambo mengine tangu siku ile, usirejeshe hati nzima, maana mtayapoteza hayo mapya; nakili sura ya pili peke yake kutoka toleo la zamani uibandike kwenye la sasa. Historia hiyohiyo inaonyesha kila mtu amefanya nini, na nakuomba usiitumie kumwaibisha mwenzako kwenye kundi. Kidole kuteleza kwenye kioo cha simu ni jambo la kila siku. Kinachofaa ni kukubaliana kwamba kila sura ina mwandishi wake anayeruhusiwa kuhariri, na wengine wanapewa ruhusa ya kutoa maoni tu pembeni. Maana yake kila sura iwe na hati yake, mtaziunganisha mwishoni. Kundi la watu watano linaweza kuishi hivyo bila ugomvi.

Nije kwenye ripoti iliyovurugika kwa msimamizi, kwa sababu hapa ndipo wenzako wamepata hoja, na hoja yenyewe ina nusu ya ukweli.

LibreOffice inafungua na kuhifadhi mafaili ya Word, lakini programu hizi mbili hazipangi ukurasa kwa namna moja. Sababu ya kwanza ni fonti. Ukiacha LibreOffice ijichagulie, inaandika kwa Liberation Serif. Fonti hiyo ilichorwa kwa makusudi ili herufi zake ziwe na upana sawa na za Times New Roman, lakini kwenye kompyuta ya msimamizi wako yawezekana haipo kabisa, na Word ikiikosa inachukua fonti nyingine inayoona inafaa. Mistari inarefuka au inafupika, ukurasa wa kumi unakuwa wa kumi na moja, na jedwali linasukumwa. Kama unatumia Windows, Times New Roman unayo. Ichague tangu mwanzo.

Sababu ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza, na nimeiona kwa wanafunzi wengi, wa Word na wa LibreOffice vilevile: kupanga ukurasa kwa kubonyeza nafasi na kushuka mistari. Mtu anataka kichwa cha habari kiwe katikati, anabonyeza nafasi mara ishirini. Anataka sura ianze ukurasa mpya, anabonyeza Enter mpaka ukurasa uishe. Kwenye kompyuta yake inapendeza. Ikihamia kwingine, kila kitu kinatawanyika. Bonyeza F11 kwenye LibreOffice, utaona paneli ya mitindo. Kila kichwa cha sura kipe mtindo wa Heading 1, vidogo vyake Heading 2, na kwenda ukurasa mpya tumia Ctrl na Enter. Orodha ya yaliyomo itajitengeneza yenyewe kutokana na mitindo hiyo, na ukihamisha sura itajirekebisha ukiiambia ijisasishe. Utatumia mchana mmoja kuipanga ripoti yenu upya. Ukishaujua utaratibu huu hutauacha, hata siku ukiajiriwa ofisini ambako kuna Word halali.

Na ukimpelekea msimamizi, mpe mafaili mawili: PDF ya kusoma, ambayo haitahama popote kwa sababu inabeba fonti zake, na docx, yaani faili la Word, ya kuandikia maoni. Kabla ya kutuma, nenda kwa rafiki mwenye Word uifungue uione. Msimamizi hana wajibu wa kujifunza programu yako. Alitaka kazi inayosomeka, na hilo ni haki yake.

Sasa swali lenyewe, kama vitu vya bure ni mtego.

Mwenzako anayesema hakuna anayetoa kitu bure hajakosea sana, ila ameweka kwenye kapu moja vitu viwili visivyofanana, na nadhani hata wewe umevichanganya. Google Docs hulipii, lakini programu ile iko kwenye seva za kampuni, na mafaili yako pia. Unakaa pale kama mpangaji. Gigabaiti 15 unazopewa zinagawanywa kati ya barua pepe, picha na mafaili yako, na masharti yakibadilishwa utayasikia yakishabadilishwa. Google Reader, huduma ya kusomea habari za tovuti mbalimbali, ilikuwa na watumiaji waliokuwa wakiitegemea kila asubuhi, na ilifungwa Julai 2013. Wikispaces ilitumiwa na walimu na wanafunzi wa nchi nyingi kuandika kazi za pamoja. Ikaanza kufungwa mwaka 2018, na aliyekuwa hajapakua kazi yake ilimpasa akimbizane na tarehe.

Linganisha na LibreOffice. Zamani iliitwa OpenOffice.org na ilikuwa chini ya kampuni ya Sun. Mwaka 2010 Sun ikanunuliwa na Oracle, na wengi waliokuwa wakiitengeneza hawakuridhika na mwelekeo wa mambo. Wakachukua msimbo wake wote, yaani maandishi yanayoiunda programu, wakaunda taasisi yao, The Document Foundation, na Septemba mwaka huohuo wakaitoa kwa jina jipya. Waliweza kufanya hivyo bila kuomba ruhusa, kwa sababu leseni ya programu ile ilishasema kwamba yeyote anaweza kuichukua, kuibadilisha na kuigawa. Mtumiaji wa kawaida hakupoteza hata barua moja. Hiyo ndiyo tofauti ninayotaka uishike, mpwa wangu. Programu huria iliyoko kwenye kompyuta yako hakuna anayeweza kuja kukufungia. Huduma ya mtandaoni ya bure anaweza, na siku nyingine atafanya hivyo.

Kobo iko katikati. Msimbo wake ni huria, na chuo kinaweza kuiweka kwenye seva yake chenyewe kikitaka, lakini akaunti yako ya bure iko kwenye seva yao na ina kikomo. Kwa hiyo kila mkimaliza siku ya kuhoji, pakueni majibu mkaweke kwenye diski yenu. Na Google Docs sikukatazi hata kidogo; watu watano kuandika hati moja kwa wakati mmoja ni neema kubwa kwa wanafunzi walio hosteli tofauti. Ila kila Ijumaa mmoja wenu apakue nakala ya docx au odt (faili la LibreOffice). Kazi ambayo nakala yake pekee iko kwenye nyumba ya mtu mwingine bado si yako vya kutosha.

Kuhusu flashi, ondoa wasiwasi kabisa. Mwekee mwenzako LibreOffice, mwekee R, mwekee QGIS, na hosteli nzima ikitaka wape. Leseni zinaruhusu waziwazi. Mimi naona hapa ndipo programu hizi zinapotufaa zaidi sisi kuliko watu wa nchi ambako intaneti ni kama maji ya bomba. Faili la kusakinisha QGIS linapita gigabaiti moja. Si kila mwanafunzi atatoa bando lake kwa hilo. Mmoja akipakua usiku kwa mtandao wa chuo, wengine ishirini wanapata bila kutumia hata senti. Sharti langu ni moja: aliyepakua awe amepakua kutoka tovuti ya wenyewe, si kwenye tovuti yenye vitufe vitatu vya "pakua" vinavyowaka, na flashi ipimwe virusi kabla haijazunguka.

Mnachotaka kufanya kwa fundi ni kitu tofauti. Programu za kompyuta zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kwa hiyo huko ni kuvunja sheria. Lakini hata ukiiweka sheria kando, wewe mwenyewe umeshaona gharama yake. Ili programu ya kukraki ifanye kazi, fundi huzima kwanza kinga ya virusi, kisha huendesha kitu kilichotengenezwa na mtu asiyejulikana, na kukipa mamlaka yote juu ya kompyuta yako. Mafaili yako ya mwaka jana yalifungwa kupitia mlango wa namna hiyo. Na sasa kwenye kompyuta hizo mna majina ya wakulima.

SPSS najua itawasumbua, kwa kuwa walimu wengi wamefundishwa nayo na wanaitaja kwa jina kwenye miongozo. Muulizeni msimamizi kwa heshima: anahitaji programu ile, au anahitaji majedwali na vipimo? Mara nyingi utasikia ni vipimo. R ilianzishwa Chuo Kikuu cha Auckland na Ross Ihaka na Robert Gentleman, kwa ajili ya kufundishia wanafunzi, na leo majarida makubwa ya utafiti yanaipokea bila swali. Wenzako wasiopenda kuandika amri wajaribu jamovi, ambayo ina menyu za kubonyeza na imejengwa juu ya R, au PSPP, ambayo imefanana na SPSS kwa sura na inafungua mafaili yake. Chuo kikiwa na SPSS halali kwenye maabara ya kompyuta, itumieni hukohuko. Sioni sababu ya kushindana na mwalimu kwa jambo ambalo maabara inalimaliza.

Wenzako watakwambia bado kwamba hivi ni vitu vya kujaribia, si vya kazi. Waulize wanaangalia video kwa kutumia nini. VLC ilianza mwaka 1996 kama mradi wa wanafunzi wa École Centrale Paris. Takwimu za vituo vya afya Tanzania na Kenya zinapita kwenye DHIS2, programu huria iliyolelewa Chuo Kikuu cha Oslo. Na kama mmewahi kutazama Tandale, Dar es Salaam, kwenye OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo yeyote anaweza kuichora, mkaona mpaka vichochoro na mifereji, ile ni kazi iliyofanywa kwa sehemu kubwa na wanafunzi. Mradi wa Ramani Huria ulipoanza mwaka 2015 ulichukua vijana wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakatembea na wakazi mtaa kwa mtaa kuchora maeneo ya Dar es Salaam yanayokumbwa na mafuriko. Ramani zile unaweza kuzipakua leo, ukazifungua kwenye QGIS yako, ukazitumia ilimradi utaje zilikotoka. Wewe unayejua njia za Mgeta ungeweza kuziongeza kwenye ramani hiyohiyo, bila kuandika mstari hata mmoja wa msimbo. Njia za miguu za kule milimani, soko, kituo cha afya: hayo ni mambo unaweza kuyatoa kwa ulimwengu mzima bila kumdhuru mtu. Majina na mapato ya watu hayamo.

Wenzako usiwahubirie. Watu waliochoka na wenye tarehe ya kukabidhi kazi mezani hawataki mhadhara juu ya leseni. Kaeni, warudishie sura yao ya pili, waonyeshe ripoti iliyopangwa kwa mitindo ikifunguka sawasawa kwenye Word ya mtu, kisha mgawane ruhusa. Anayetaka kuendelea na Word yake halali aendelee nayo. Mkishatumia mitindo na fonti moja, kila mmoja anaweza kuandikia alipo.

Ila kwanza ile linki. Ifunge sasa, kabla hujawapigia.

Mjomba wako